Mapovu Hayalishi Mchicha

Ndoo ya plastiki ya lita 20 imejazwa maji, ikaachwa nafasi ya kiganja kimoja chini ya ukingo. Ndani umening'inia mfuko ulioshonwa kwa kipande cha pazia jepesi, wenye kilo 2 za mboji ya minyoo. Kutoka kwenye pampu ndogo ya hewa, ile inayouzwa kwa wenye matangi ya samaki wa mapambo, mpira mwembamba unazama hadi chini ya ndoo na kutoa viputo bila kupumzika. Vijiko vitatu vya molasi vimekwisha kukorogwa humo. Asubuhi ya pili maji yamekuwa mekundu kama chai ya rangi iliyolala kwenye birika, na juu yake limeumuka povu la hudhurungi lenye kimo cha vidole vitatu. Kwa wapishi wengi wa chai hii povu hilo ndilo cheti: wakiliona husema bakteria wamezaliana, chai imeiva, sasa ipelekwe bustanini. Kumbe povu hutokana na protini na sukari zilizomo majini, na pampu yoyote ikipuliza maji yenye vitu hivyo italiumua, hata kama mboji iliyotumika ni mbovu. Nitakachokitetea katika sura hii ni kwamba karibu faida yote ya chai ya minyoo imo ndani ya ule mfuko wa pazia kabla pampu haijawashwa. Hewa na molasi hufanya kazi ya kipaza sauti tu: hupaza kilichomo, kiwe kizuri au kibaya, na kipaza sauti hakijui kuimba.

Jina lenyewe limeleta utata. Vijana wa mijini wakisema habari fulani ni chai, wana maana ni uongo uliotiwa sukari, na kuna siku mtu akisoma matangazo ya wauza chai ya mimea huona vijana hao hawakukosea sana. Lakini kuna utata mwingine unaohitaji kuondolewa mapema. Maji meusi yanayochuruzika chini ya sanduku la minyoo siyo chai tunayoizungumzia. Huo ni mchuruziko wa maganda na mabaki ambayo bado yanaoza. Umebeba chumvi na tindikali ambazo minyoo hawajazimaliza, na ubora wake hubadilika wiki hadi wiki kulingana na walichokula. Chai yenyewe hutengenezwa kwa mboji iliyokwisha kukomaa: nyeusi, yenye punje punje kama majani ya chai ya kopo, yenye harufu ya udongo baada ya mvua ya kwanza. Ukiishika kiganjani ukaibana, inashikamana bila kudondosha maji, na humo huoni tena ganda la ndizi wala kipande cha papai. Mboji ikinuka bado haijawa mboji, na hakuna pampu itakayoikomaza kwa usiku mmoja.

Ubora huo hutengenezwa na utumbo wa mnyoo. Charles Darwin alitumia kitabu chake cha mwisho, kilichotoka mwaka 1881, miezi michache kabla ya kufa, kuonyesha kwamba nyungunyungu hupitisha tumboni mwao udongo mwingi mno. Alikadiria zaidi ya tani 10 kwa ekari kila mwaka katika sehemu nyingi za Uingereza. Minyoo wa sandukuni ni ndugu wa mbali wa hao. Wao hawachimbi, huishi juu juu kwenye mabaki yanayooza. Anayefugwa zaidi duniani ni mnyoo mwekundu, Eisenia fetida. Wa joto kama la pwani ni Eudrilus eugeniae, mwenye asili ya Afrika Magharibi. Wote husaga mabaki yaliyokwisha kulainishwa na bakteria na kuvu, na wanachokitoa kina virutubisho ambavyo mzizi unaweza kuvichukua haraka, pamoja na asidi za hyumiki na viasili vinavyofanya kazi kama homoni za mimea. Sehemu ya vitu hivi huyeyuka majini. Hapo ndipo wazo la chai linapata msingi wa kweli, na sitaki msomaji adhani naukana.

Ninachokikana ni daraja la pili la dai hilo. Mtu aliyelieneza zaidi ni Elaine Ingham, mtaalamu wa viumbe wa udongo aliyefanya kazi Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon nchini Marekani, kisha akaanzisha kampuni yake ya kupima udongo na kuandika mwongozo wa kupika chai ya mboji. Hoja yake inavutia. Udongo ulio hai una bakteria na kuvu, una protozoa wanaowala bakteria, una minyoo midogo isiyoonekana kwa macho inayowala hao wote, na katika kulana huko naitrojeni huachiliwa karibu na mizizi. Basi, wanasema wafuasi wake, wape bakteria hewa na chakula ndani ya ndoo, wazaliane kwa mabilioni, kisha uwamwage kwenye udongo uliochoka, nao uhai utarudi. Sehemu ya kwanza ya hoja hiyo inafundishwa kila mahali panapofundishwa sayansi ya udongo. Ya pili inahitaji hesabu.

Tuwe wakarimu, tuseme kila mililita ya chai ina bakteria milioni 100. Ndoo nzima ya lita 20 itakuwa na trilioni 2, idadi ya kumtia mtu kizunguzungu. Sasa tazama tuta la mchicha lenye eneo la mita 1 ya mraba. Udongo wake wa sentimita 10 za juu una uzito wa kilo 120 hivi, na gramu moja ya udongo wa kawaida inaweza kuwa na bakteria bilioni 1. Hao ni trilioni 120 waliokwisha kuwapo, wenye makao, waliozoea chumvi, ukavu na tindikali ya mahali hapo. Ukimwaga ndoo yote kwenye mita hiyo moja, jambo ambalo hakuna anayelifanya, utakuwa umeongeza chini ya asilimia 2. Wageni hao, waliozoea maji yenye sukari na hewa ya bure, wanaingia kwenye mji uliojaa, ambako chakula ni cha kugombania. Kinachoamua nani aishi kwenye udongo ni mazingira yake: mabaki ya mimea yaliyomo, unyevu, kivuli, mizizi. Tuta lisilo na mabaki ya kuoza haliwezi kuwalisha bakteria wake wenyewe, sembuse wa kuletwa kwa keni.

Hapa ndipo mpishi wa chai hujibu kwa hoja iliyo nzito kuliko zote: mimea yake ilistawi, na macho yake hayakumdanganya. Sina sababu ya kutomwamini. Swali ni kilichoistawisha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Hawaii walilijibu vizuri katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, walipomwagilia kabichi ya Kichina chai ya mboji ya minyoo iliyotengenezwa kwa namna tatu: iliyopulizwa hewa, iliyopulizwa hewa na kuongezwa vichocheo, na iliyoloweshwa tu bila kupulizwa. Mimea iliyopata chai ilikua vizuri kuliko iliyopata maji matupu. Lakini kati ya chai hizo tatu hakukuwa na tofauti ya maana katika ukuaji, na maelezo makubwa ya faida yalikuwa madini yaliyoyeyuka kutoka kwenye mboji. Mtu aliyelowesha mboji yake kwenye ndoo akaenda kulala alipata alichokipata mwenzake aliyenunua pampu.

Madini yenyewe tusiyakuze. Kilo 2 za mboji ya minyoo yenye unyevu wake zikitolewa maji hubaki kama gramu 800 za mboji kavu. Ikiwa naitrojeni ni asilimia 1.5, kiwango cha kawaida, kilichomo ni gramu 12, na hata hizo haziyeyuki zote. Gramu 12 za naitrojeni ni sawa na gramu 46 hivi za mbolea ya CAN, kiasi cha kujaza kiganja kisichofungwa vizuri. Kwa tuta kubwa ni kidogo mno. Kwa miche thelathini kwenye viroba vyenye mchanga mwingi, kila mmoja ukipata kikombe kila wiki, ni uji wa mtoto mchanga: mchache, mwepesi, na umefika wakati mdomo uko wazi. Ndiyo maana sifa za chai hutoka zaidi kwa wenye vitalu, magunia na makopo kuliko kwa wenye mashamba, na ndiyo maana mtu aliyelima kwa mboji ya kutosha tangu mwanzo mara nyingi haoni kitu.

Kuna wanaokubali yote haya na bado wanaing'ang'ania pampu kwa sababu ya magonjwa. Wanasema bakteria wa chai hulivaa jani kama koti, na ukungu ukija haupati pa kukaa. Ushahidi wa jambo hili upo, ila umechanganyika kuliko unavyotangazwa. Steven Scheuerell na Walter Mahaffee, waliofanya kazi Corvallis, mji ule ule wa Oregon alikokuwa Ingham, walipima chai za aina nyingi. Kwenye kinyausi kinachoua miche ya matango, mwaka 2004 walikuta chai iliyopulizwa hewa ikilinda kwa uthabiti zaidi inapotiwa mwani na asidi za hyumiki. Ile iliyotiwa kichocheo cha molasi ililinda mara hii, ikashindwa mara ile, na walishuku kwamba sukari iliyobaki majini ndiyo iliyomlisha adui. Miaka miwili baadaye, kwenye ukungu wa kijivu wa maua ya jeranio, kupuliza hewa hakukuleta ulinzi zaidi ya kulowesha tu. Linda Chalker-Scott wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, aliyepitia tafiti nyingi ili kuwashauri wenye bustani, amekuwa akisisitiza kwamba matokeo ya namna hii hayatoshi kuiita chai dawa. Nakubaliana naye. Dawa ni kitu kinachofanya leo kilichofanya jana. Kila ndoo ya chai ni jamii mpya ya viumbe, iliyozaliwa na mboji ya siku hiyo na joto la siku hiyo. Mwenye nyanya zinazoshambuliwa na bakajani msimu wa mvua atafaidika zaidi akipanda kwa nafasi, akiondoa majani ya chini na kumwagilia chini badala ya juu ya majani.

Kutofanya kazi ni dosari ndogo. Kubwa zaidi ni kwamba bakteria wanaozalishwa ndani ya ndoo hawachaguliwi. Sanduku la minyoo, tofauti na lundo la mboji linalochemka, halifiki nyuzi 55 zinazoua vimelea. Likifika 35 minyoo wenyewe wanakufa. Ni kweli kwamba kupita tumboni mwa minyoo hupunguza vimelea, tena sana, na majaribio yameonyesha hivyo. Kupunguza siyo kumaliza, hasa kwetu ambako minyoo wengi hulishwa samadi ya ng'ombe au ya kuku. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti uliopima kinachotokea vijidudu vichache vya Salmonella na E. coli aina ya O157:H7 vikiwa ndani ya chai ya mboji ya samadi. Chai ilipotiwa molasi kwa asilimia 1, chembe moja kwa mililita iligeuka kuwa kama elfu moja ndani ya saa 72, na kwa Salmonella katika chai ya samadi ya kuku ilikuwa zaidi ya hapo. Molasi ilipoondolewa, au kuwekwa asilimia 0.2 tu, hawakuongezeka. Kwenye ndoo ya lita 20, asilimia 0.2 ni gramu 40, vijiko viwili vya chakula. Ile ndoo tuliyoanza nayo ilikuwa na vijiko vitatu. Mwaka huo huo jopo la wataalamu lililoundwa na bodi ya viwango vya kilimo hai ya Marekani lilipendekeza kwamba chai iliyotiwa vichocheo, ikiwa haijapimwa, ihesabiwe kama samadi mbichi: zipite siku 90 kabla ya kuvuna, au 120 ikiwa kinacholiwa hugusana na udongo. Mchicha huvunwa ukiwa na wiki tatu au nne.

Kwa hili huja majibu mawili. La kwanza ni kwamba oksijeni huua vijidudu vibaya, kwa hiyo pampu ndiyo kinga. Laiti ingekuwa hivyo. Salmonella na E. coli huishi penye hewa na pasipo na hewa; ukiwapa chakula na viputo watakushukuru kwa vyote viwili. Jibu la pili lina uzito: mboga zetu hupikwa. Sukuma wiki na matembele hupita motoni, hilo ni kweli na ni kinga kubwa. Lakini bustani ya nyumbani ina giligilani, ina vitunguu vya majani, ina nyanya na matango ya kachumbari. Na kisu kilichokatia mchicha mbichi uliolowa chai ndicho kinachokatia kachumbari hiyo, juu ya ubao ule ule. Anayepulizia majani jioni na kuchuma asubuhi hajaweka kitu kati ya ndoo na sahani.

Hata oksijeni yenyewe si rahisi kuishika. Maji ya nyuzi 20 karibu na bahari hubeba kama miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 30, joto la kawaida la maji ya tangi Dar es Salaam au Mombasa, hubeba 7.5. Nairobi kuna ubaridi, ila mji uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na maji ya nyuzi 20 huko huishia karibu na kiwango kile kile cha pwani. Wapishi wa chai husema isishuke chini ya miligramu 6. Nafasi iliyobaki ni nyembamba, na bakteria walioshiba molasi huila haraka. Umeme ukikatika saa mbili usiku, wakati chai imechanganya, hakuna haja ya kusubiri alfajiri kujua kilichotokea. Pua itakuambia kabla ya mgao kwisha.

Najua mkulima mwenye umri ataniuliza kuhusu mbolea ya maji. Gunia la samadi lilitundikwa kwenye pipa la lita 200, likakorogwa kwa mti kila baada ya siku kadhaa, na baada ya wiki mbili maji yake yakazimuliwa hadi yafanane na chai nyepesi. Hapakuwa na pampu, na mahindi yalibadilika rangi. Naam, na huo ni ushahidi wa upande wangu: mahindi yalikula madini. Ila pipa hilo linanuka, na sehemu ya harufu ile ni amonia, yaani naitrojeni inayotoroka. Maji yaliyokosa hewa kwa muda mrefu pia hukusanya tindikali zinazoweza kuunguza mizizi ya miche. Hapo pampu inastahili sifa yake: hutoa chai isiyonuka, kwa siku moja, isiyohitaji kuzimuliwa sana. Kwa mwenye bustani kwenye baraza ya ghorofa, jirani akiwa mita mbili tu kutoka kwake, hilo si jambo dogo. Ila hiyo ni sifa ya usafi na haraka, na isibebeshwe mzigo wa miujiza.

Basi ninachomshauri mwenye minyoo ni hiki. Mboji nyingi aitie moja kwa moja kwenye udongo, kiganja kwa kila shimo la mche, kwa sababu huko inabaki, inashika maji, na inawalisha wale trilioni 120 waliokwisha kuwapo. Chai aipike kwa ajili ya miche na mimea ya viroba, au pale mboji ni chache na midomo ni mingi. Maji ya bomba yakae wazi siku moja klorini ipungue. Mfuko usiwe wa chandarua chenye dawa, maana dawa ile ni ya kuua wadudu. Akiwa na pampu aiwashe kwa saa 12 hadi 24. Asipokuwa nayo akoroge kila akumbukapo na kuitumia siku hiyo hiyo. Molasi ibaki dukani. Chai imwagwe kwenye udongo, si kwenye majani yatakayoliwa, na mabaki ya mfukoni yarudi kwenye tuta, kwani sehemu kubwa ya mboji bado imo humo. Ndoo, mpira na jiwe la mapovu la mwisho wa mpira visuguliwe kwa sabuni na kuanikwa juani. Utelezi unaobaki ndani ya mpira huingia kwenye chai ya wiki ijayo bila kualikwa.

Asiyeridhika na hesabu zangu anaweza kuzipima kwa gharama ya pakiti moja ya mbegu za mchicha. Aandae viroba 12 vyenye udongo uliochanganywa pamoja kwenye lundo moja, avigawe kwa makundi matatu ya vinne vinne, na avipange kwa kuchanganya ili kundi moja lisipate jua peke yake. Kundi la kwanza lipate maji, la pili chai iliyopulizwa, la tatu chai iliyoloweshwa kwa mboji ya kipimo kile kile, kikombe kimoja kwa wiki. Alama ziandikwe chini ya viroba, na anayekata mchicha siku ya 28 asiambiwe kipi ni kipi. Kila kundi lipimwe kwenye mizani ya jikoni likiwa bichi, mizizi ikiwa imekatwa. Kisha arudie, kwa sababu viroba vinne vinaweza kudanganya.